Je, Wajua Kwa Nini Ross Perot Alipata Kura Zaidi ya Milioni 19 Akakosa Hata Jimbo Moja?

Kila Marekani inapokaribia kuchagua rais, huzuka jina la mtu asiyetarajiwa: tajiri asiye na chama, mwanaharakati, au mtoto wa ukoo mkubwa aliyegombana na wenzake. Hapo ubishi huanza kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Mmoja atasema safari hii watu wamechoka, huyu anapita. Mwingine atatuma picha ya uwanja uliofurika. Mimi nikisikia ubishi huo narudi mwaka 1992, maana mwaka ule alitokea mtu aliyekuwa na karibu kila kitu ambacho mgombea wa namna hiyo anaweza kukiomba.

Ross Perot alizaliwa Texarkana, Texas, mwaka 1930. Alianza kwa kuuza kompyuta za IBM, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake ya huduma za kompyuta, EDS, iliyomfanya bilionea. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kushika cheo chochote cha umma. Tarehe 20 Februari 1992, kwenye kipindi cha Larry King katika CNN, alisema kwamba wananchi wakifanikiwa kuliingiza jina lake kwenye karatasi za kura za majimbo yote 50, atagombea. Si ahadi nyepesi hiyo. Kule hakuna tume moja ya taifa ambako mgombea anapeleka fomu mara moja akamaliza. Kila jimbo lina sheria yake, idadi yake ya sahihi na tarehe yake ya mwisho. Waliojitolea walizikusanya sahihi hizo, na jina la Perot likaingia kote 50.

Mwezi Juni, kura za maoni za Gallup zilimpa asilimia 39, Rais George H. W. Bush 31, na Bill Clinton 25. Mtu asiye na chama alikuwa anawaongoza wote wawili.

Julai 16 akajitoa. Oktoba 1 akarudi. Hapo alijiumiza mwenyewe, na sioni haja ya kumtetea. Lakini tazama alivyorudi: alinunua nusu saa nzima ya televisheni, akaketi mezani na fimbo mkononi, akawaonyesha Wamarekani chati baada ya chati za deni la taifa, kama mwalimu wa hesabu. Zaidi ya watu milioni 16 walimtazama usiku wa kwanza. Aliruhusiwa kuingia kwenye midahalo yote mitatu ya wagombea urais. Kwa jumla alitumia zaidi ya dola milioni 60 kutoka mfukoni mwake.

Novemba 3 kura zikahesabiwa. Clinton asilimia 43, Bush 37, Perot karibu 19. Kwa idadi ya vichwa, Perot alipigiwa kura zaidi ya milioni 19.7. Sasa tazama upande wa pili wa daftari, ule unaomtoa rais: Clinton kura 370 za wajumbe, Bush 168, Perot sifuri.

Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538, na anayetaka Ikulu lazima afikishe 270. Kila jimbo lina wajumbe wake, na katika majimbo 48 pamoja na mji mkuu Washington, anayeongoza, hata kwa kura moja, anabeba wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee ndizo zinazogawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya. Chukua Utah. Perot alipata asilimia 27 pale, akamwacha Clinton nyuma. Bush akapata 43. Wajumbe wote watano wa Utah wakaenda kwa Bush, na hizo asilimia 27 hazikumnunulia Perot hata nusu mjumbe. Maine alifanya vizuri zaidi, asilimia 30, akampita hata Bush kwa kura mia chache tu. Alikuwa wa pili, na hakuongoza hata wilaya moja. Na wa pili, kwa hesabu ya wajumbe, ni sawa na wa mwisho.

Kwa hiyo anayetaka kupima nafasi ya mgombea wa aina hii asianze na swali la wangapi wanampenda. Aulize wanakaa wapi. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1948, kwa sababu unakaribia kuwa mizani ya dukani. Strom Thurmond, aliyetetea ubaguzi wa rangi, na Henry Wallace, makamu wa rais wa zamani aliyesimama upande wa kushoto, walipata karibu kura sawa: kila mmoja zaidi kidogo ya milioni 1.1, asilimia 2.4. Kura za Wallace zilitawanyika nchi nzima, akaambulia patupu. Za Thurmond zilirundikana kusini, akashinda majimbo manne na kuondoka na wajumbe 39. George Wallace wa Alabama akapita njia hiyohiyo mwaka 1968: asilimia 13.5 tu, chini ya Perot, lakini majimbo matano na wajumbe 46.

Msomaji wa Kenya ataliona jambo hili limepinduka. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kenya, kupendwa kidogo kila mahali ni sharti la ushindi. Marekani, mgombea huru anayependwa kidogo kila mahali anarudi nyumbani mikono mitupu.

Na hata kama Perot angeshinda majimbo kadhaa na kuwazuia wenzake wasifikishe 270, angegonga ukuta mwingine. Katiba yao inasema uamuzi unahamia Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo linapiga kura moja, liwe California au Wyoming. Lazima kupata majimbo 26. Wabunge hao ni wa vyama viwili, Democrats na Republican, na hawana sababu ya kumpa ufalme mtu aliyekuja kuvibomoa. Wakati ule mbunge huru alikuwa mmoja tu, Bernie Sanders, na kwa kuwa Vermont ina mbunge mmoja, kura nzima ya Vermont ingekuwa mkononi mwake.

Wapiga kura huizoea hesabu hii bila kufundishwa. Mtu anampenda mgombea huru mwezi wa sita, lakini siku ya kura inapokaribia anajiuliza: nikimpa huyu, si namsaidia yule nisiyemtaka? Ndiyo maana nambari za mgombea wa tatu mara nyingi huyeyuka. Nikiziona kura za maoni za katikati ya mwaka, kichwani mwangu nazipunguza kabla ya kubishana na mtu.

Je, mtu asiye wa kawaida hawezi kabisa? Anaweza, ila mlango wake uko ndani ya chama kikubwa, kwenye kura za mchujo. Barack Obama, mwana wa Mkenya, seneta wa muhula wa kwanza, alimshinda Hillary Clinton mwaka 2008 kwa kuzijua kanuni za chama chake. Democrats hugawa wajumbe wa mkutano mkuu kwa uwiano, hivyo Februari 5 ushindi wake mnono katika Idaho ndogo ulimpa ziada ya wajumbe 12, wakati Clinton aliposhinda New Jersey yenye watu wengi alipata ziada ya 11. Sisi tunaokumbuka Kibaki akitangaza sikukuu ya taifa Novemba ile tulishangilia jina. Kazi ilikuwa imefanywa mapema, huko Idaho.

Donald Trump alitumia kanuni ya upande wa pili. Mwaka 2016 alipata karibu theluthi moja tu ya kura za mchujo wa Republican katika South Carolina, lakini wapinzani wake walikuwa wengi na wamegawana zilizobaki, na kanuni za jimbo lile zikampa wajumbe wote 50. Kanuni ya mshindi kubeba vyote, ile iliyomwangusha Perot, ndiyo iliyomwinua yeye. Na Trump aliujua mlango wa Perot: mwishoni mwa 1999 alijiunga na Chama cha Reform, alichokianzisha Perot, akapima kugombea urais kwa tiketi yake, na Februari 2000 akaacha.

Sanders naye ameshinda uchaguzi baada ya uchaguzi Vermont akiwa mgombea huru. Mwaka 2016 na tena 2020 alipoutaka urais, alijiandikisha kwenye mchujo wa Democrats.