Kabla ya kurudisha treni ya abiria kwenye tawi lililoachwa

Kila linapotajwa tawi la reli lililoachwa, mazungumzo huanzia kwenye kumbukumbu: stesheni ilivyokuwa ikifurika, treni ilivyokuwa haichelewi (kumbukumbu huwa na huruma kuliko ratiba). Mpangaji wa usafiri hawezi kuanzia hapo. Miji imehama, barabara zimefika, kazi ziko kwingine. Idadi ya abiria wa miaka ile haimwambii wangapi watapanda kesho.

Aanzie ardhini. Kauli kwamba "reli bado ipo" huficha mengi. Kuna tawi ambalo treni za mizigo bado hupita, na kuna lile ambalo mataruma yanayoshikilia reli yameng'olewa, makalavati yamejaa mchanga na nyumba zimesimama juu ya tuta. Kwenye ramani yote mawili ni mstari uleule.

Uingereza imeonja yote. Njia ya Exeter hadi Okehampton ilipoteza huduma yake ya kawaida ya abiria mwaka 1972, lakini reli ilibaki kwa sababu machimbo ya kokoto yaliihitaji. Iliporudishwa Novemba 2021, kazi kubwa ilikuwa kubadilisha mataruma, kumwaga kokoto na kukarabati stesheni. Bajeti ilikuwa pauni milioni 40.5, na haikuisha yote. Reli ya Borders, kusini mwa Edinburgh, ilifungwa Januari 1969, kisha ikang'olewa. Baadaye barabara ya mchepuko ya jiji ikakatiza njia hiyo, hivyo wakati wa kuirudisha ilibidi magari yahamishiwe pembeni ili daraja lijengwe. Kilomita 48 hivi, zilizofunguliwa Septemba 2015, ziligharimu pauni milioni 294 kwa bei za 2012.

Hata hivyo, palipo na reli si lazima pawe na unafuu. Njia ya Newcastle hadi Ashington iliendelea kubeba mizigo baada ya treni za abiria kuondolewa mwaka 1964, na bado makadirio ya pauni milioni 166 yalipanda hadi karibu 300 kufikia ufunguzi wa Desemba 2024. Behewa la makaa ya mawe halihitaji jukwaa, wala halilalamiki likitambaa kwenye makutano ya reli na barabara. Abiria ana haraka, na kila makutano yanataka mageti, ishara au daraja la waenda kwa miguu.

Makadirio ya abiria nayo hukosea, tena pande zote. Borders ilibeba zaidi ya watu milioni moja mwaka wa kwanza, kuliko ilivyotabiriwa. Tweedbank, stesheni ya mwisho, ilifurika, huku baadhi ya stesheni za karibu na jiji zikisuasua. Kinachovuta watu zaidi ni wingi wa treni kwa siku. Treni moja asubuhi na moja jioni humfaa asiye na njia nyingine tu, maana akicheleweshwa kazini, amelala mjini. Tawi la Schönbuch nchini Ujerumani, kilomita 17, lilirudi Desemba 1996 likiwa na treni za mara kwa mara. Walitarajiwa abiria 2,500 kwa siku, wakavuka idadi hiyo mapema. Borders, kwa upande wake, ilijengwa sehemu kubwa kwa njia moja ya reli, ambako treni mbili haziwezi kupishana, na baadhi ya madaraja yana upana wa njia moja tu. Fedha ziliokolewa, lakini kuongeza treni sasa ni kazi ngumu.

Hesabu ya tawi peke yake pia hudanganya. Ripoti ya 1963 ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, ilionyesha kuwa theluthi moja ya mtandao wa Uingereza ilibeba asilimia 1 ya abiria, ikapendekeza kufunga stesheni 2,363. Lakini njia zilipofungwa, wengi walioachwa bila treni hawakuendesha gari hadi stesheni iliyobaki: walipitiliza nalo hadi waendako, na njia kuu ikakosa nauli ya safari ndefu.

Vijiji vikiwa vimetawanyika mbali na njia, mabasi mazuri yatahudumia watu wengi zaidi kwa fedha hizohizo. Si jibu linalopigiwa makofi mikutanoni.

Na uamuzi ukiwa "si sasa", hifadhi ya reli isiuzwe. Mawe ya mipaka yabaki, njia ya baiskeli iruhusiwe kwa mkataba wenye ukomo, na barabara mpya ikikatiza, nafasi ya daraja iwekwe tangu kwenye michoro.