Pindo, mji na jina: kuchora kanga yako mwenyewe kwa stensili

Kanga iliyotandazwa mezani na kanga iliyofungwa kiunoni ni michoro miwili tofauti. Anayechora ya kwanza bila kuifikiria ya pili huishia na kitambaa kizuri cha kutundika ukutani. Ikifungwa, pindo la juu (pindo ni ule ukanda wa pembeni) hukunjwa na kupotea. Mapindo ya ubavuni hukutana mbele, moja likafunikwa na jingine likateremka wazi hadi miguuni. Mji, yaani sehemu ya kati, huzunguka nyonga, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, hubaki nyuma, mahali ambapo anayekufuata atalisoma bila kuulizwa.

Kwa hiyo kila sehemu ina umbali wake. Ng'ambo ya barabara kinachoonekana ni pindo, tena kama rangi tu. Hatua chache zaidi, mji unaanza kuonyesha umbo. Jina ni la mtu aliye karibu. Nikipewa mchoro wa kanga niukague, hilo ndilo ninaloanza nalo: je, kila sehemu inafanya kazi kwenye umbali wake, au zote zinapiga kelele kwa pamoja?

Maelezo haya ni ya doti moja, yaani vipande viwili, itakayochapwa nyumbani kwa stensili (kiolezo kilichotobolewa) na rangi ya kitambaa. Kipande kimoja nimekihesabu kwa sentimita 150 kwa 110, ambacho ni kipimo cha kawaida cha kanga za dukani; nyingine huzidi au kupungua kidogo.

Kitambaa kwanza

Nunua pamba tupu, bafta zito au marikani, mita 3.3, upana usiopungua sm 120. Pamba mpya inaweza kuruka, yaani kupungua, hadi asilimia 5 ikifuliwa, na wanga wa kiwandani uliomo ndani yake huzuia rangi isishike. Ifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata chochote, uianike, uipige pasi ingali na unyevu kidogo. Baada ya hapo urefu utabaki kama sm 313 na upana sm 114, inatosha vipande viwili pamoja na sm 2 za kupinda kila upande. Ukikata kwanza ukafua baadaye, pembe hazitakuwa tena za mraba na mistari ya pindo itakwenda mshazari. Hakuna ufundi wa rangi utakaoificha hitilafu hiyo.

Kunja kila kipande katikati kwa urefu, kisha kwa upana, uyakandamize makunjo kwa pasi. Yale makunjo mawili ndiyo mihimili yako. Vipimo vyote vianzie hapo katikati kwenda nje, kwa sababu ukingo wa kitambaa mara nyingi haukunyooka.

Hesabu ya pindo

Wengi huchagua upana wa pindo kwa macho, kisha hulia wakifika kwenye kona. Chukua pindo la sm 18: mji unabaki 114 kwa 74, na hakuna ua la kipimo cha maana litakaloingia sawasawa pande zote mbili. Chukua sm 15: mji unabaki 120 kwa 80. Ua la sm 20 linaingia mara 6 kwa urefu na mara 4 kwa upana, la sm 10 mara 12 na mara 8, na kona nne zinabaki miraba ya sm 15 inayojitegemea. Mimi huanza na 15 na sihami bila sababu.

Namba hizo ni shufwa, na kuna faida yake. Kama pambo lako lina upande linakoelekea, mfano korosho ambayo ncha yake imepinda, litageuzwa katikati ya kila upande: kwenye upande mrefu tatu ziende kulia, tatu kushoto; kwenye upande mfupi mbili huku, mbili huku. Korosho zote zikielekea upande mmoja, kona moja itapokea ncha na nyingine itapokea mgongo, na kanga itaonekana kama inazunguka. Kwenye kona zenyewe weka pambo lisilo na mwelekeo, ua la petali nne au nane ndani ya mraba. Kuunganisha maua ya pande mbili kwa mshazari wa nyuzi 45 kunapendeza zaidi, ila kunadai stensili nyingine na mkono uliotulia.

Pindo la sm 15 linaonekana jembamba kwenye karatasi, lakini piga hesabu ya eneo: kanga nzima ni sm za mraba 16,500, mji 9,600, pindo 6,900. Karibu asilimia 42 ya kitambaa ni pindo. Rangi utakayoiweka huko ndiyo watu watakayoitumia kuitambua kanga, hata mji uwe na rangi gani.

Ndani ya zile sm 15 usigawe mikanda sawa. Mikanda mitatu ya sm 5 kila mmoja huchosha jicho, kwani halijui upi ni mkubwa. Jaribu mstari mtupu wa nje sm 2, mkanda wa maua sm 10, mstari wa ndani sm 3. Huo wa ndani uwe mzito kwa rangi, maana ndio unaoufunga mji.

Mji na jina vipangwe pamoja

Jina hukaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Kosa la kawaida ni kulichomeka mwishoni, mji ukiwa umeshajaa. Lipe nafasi yake tangu mwanzo: herufi kubwa za sm 4, na sm 3 tupu juu na chini yake. Hiyo ni sm 10, kwa hiyo mji unabaki na 70. Kama kuna pambo moja kubwa la kati, kitovu chake kiwe sm 35 kutoka ukingo wa juu wa mji, si 40. Likikaa kwenye 40 litaonekana linaliangukia jina. Kipenyo cha sm 28 hadi 35 kinatosha. Zaidi ya hapo, likifungwa linazunguka mwili na umbo halisomeki tena.

Ukipendelea vipambo vidogo vilivyotawanyika, usivipange kama vigae, kimoja chini ya kingine. Vikae kama matofali ya ukuta: mstari wa pili uanzie katikati ya nafasi za mstari wa kwanza. Vipambo vya sm 4 vikipishana kwa sm 10 kutoka kitovu hadi kitovu, kitambaa kinapumua. Simama mbali, finya macho. Ukiona njia nyeupe inayokatiza mji mshazari, vipambo havijapishana vizuri, na ukishaiona hutaacha kuiona.

Nafasi tupu si deni linalotakiwa kulipwa. Nalisema hili kwa wanaoongeza vijani kila panapobaki peupe.

Kwa herufi, kipimo wanachotumia waandishi wa mabango ni kama sm 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali, ili isomeke bila kujikaza. Herufi za sm 4 zinasomeka vizuri mita 4 hadi 5, umbali wa kutosha kwa jina la kanga. Herufi nene ya sm 4, pamoja na nafasi yake, hula wastani wa sm 3.2. "WEMA HAUOZI" ni alama 11 ukihesabu na nafasi kati ya maneno, yaani kama sm 35. "MGENI NJOO MWENYEJI APONE" ni 25, kama sm 80. Zote zinaingia katika sm 120. Jina likizidi sm 95, fupisha maneno badala ya kubana herufi. Herufi zilizobanwa zinafungana kitambaa kikijikunja.

Usitegemee wastani huo kwa kuweka katikati, maana M na W ni pana na I na J ni nyembamba. Andika jina zima kwenye utepe wa karatasi, ukunje utepe mara moja mwanzo wa jina ukutane na mwisho wake, na kunjo ndilo katikati. Lilinganishe na kunjo la kitambaa. Nafasi kati ya herufi nazo zisipimwe kwa rula. A ikikaa karibu na W au V huacha pengo kubwa, hivyo zisogezane; I na N zenye miguu iliyosimama zinahitaji kuachana zaidi. Kati ya neno na neno acha upana wa O moja.

Rangi

Rangi mbili juu ya kitambaa cheupe ni tatu, maana nyeupe inahesabiwa. Anayetaka kujifunza aangalie kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa kawaida bila jina, na bado kinatambulika kutoka mbali kuliko kanga nyingi zenye rangi tano. Kinachofanya kazi pale ni tofauti ya giza na mwanga. Nyekundu na kijani vinatofautiana sana kwa jina, lakini vikiwa na uzito mmoja wa giza vinatetemeka machoni na maua yanapotea. Paka kila rangi kwenye kipande cha kitambaa, upige picha kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kilekile, badilisha moja.

Anza kuchapa rangi nyepesi, nyeusi iwe ya mwisho, na iikalie ile nyepesi kwa mm 2 pembeni. Ule ukingo mweusi hufunika stensili iliyosogea kidogo, na itasogea.

Kuchapa

Stensili kata kwenye plastiki ngumu au filamu kuukuu ya eksirei iliyosafishwa. Karatasi ngumu inalowa na kuvimba kabla hujamaliza pindo la kwanza. Acha angalau sm 3 za plastiki kuzunguka pambo, na toboa alama mbili za kulinganisha na mistari ya chaki. Herufi zenye tumbo, A, O, D, R, P, zinahitaji vishikizo vya mm 4 ili katikati pasidondoke. Baadaye unaviziba kwa brashi ndogo, au unaviacha kama ni mtindo wako.

Tandika blanketi la zamani juu ya meza, kisha plastiki, kisha kitambaa ukibane kwa tepu ya karatasi bila kukivuta. Kitambaa kilichovutwa hurudi kikiachiwa, na mduara huwa yai. Chovya sponji, ufute karibu yote kwenye gazeti, ugonge wima. Usipake kwa kusugua. Rangi ikivuja chini ya stensili, tisini kwa mia sponji ilikuwa imelowa mno. Ongeza tabaka la pili badala ya kuongeza rangi. Futa sehemu ya chini ya stensili kila baada ya mapigo matatu au manne.

Changanya rangi ya doti nzima kwa mara moja na uifunike. Rangi iliyochanganywa kesho hailingani na ya leo, na vipande viwili vitakaa pamoja maisha yao yote. Vilevile, chapa kona nne kwanza, halafu ua lililo karibu na katikati ya kila upande, ndipo ujaze kwenda konani. Ukianzia kona moja kuelekea nyingine, kosa la mm 2 kwa kila ua linakuwa zaidi ya sm 1 mwisho wa safari.

Iache ikauke saa 24, kisha pasi kavu bila mvuke upande wa nyuma, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, au kama kopo la rangi linavyoelekeza. Ngoja siku tatu kabla ya kufua.

Kanuni hizohizo kwenye daftari na sinia

Kwenye daftari la A4, sm 21 kwa 29.7, pindo ni sehemu ya saba ya upande mfupi, yaani sm 3. Kwa upana linabaki sm 15, maua matano ya sm 3. Kwa urefu linabaki 23.7, haligawanyiki, punguza pindo la juu na la chini hadi sm 2.85 upate 24, maua manane. Hakuna atakayeiona tofauti hiyo ya mm 1.5.

Sinia la duara ni jambo jingine, kwa sababu halina kona za kukuokoa. Kata karatasi ya ukubwa wa sinia, ikunje mara nne, na utapata vipande 16 sawa. Sinia la kipenyo cha sm 30 lina mzingo wa kama sm 94, hivyo kila kipande ni sm 5.9 ukingoni. Lakini pindo likiwa na upana wa sm 4, upande wake wa ndani mzingo umeshuka hadi sm 69 na kila kipande ni sm 4.3. Ua la mraba litagongana na jirani yake huko ndani. Tumia pambo linalochongoka kuelekea kati, petali au korosho. Na jina usiliweke katikati, kwani vikombe vitalifunika. Liweke kwenye pindo, upande mmoja tu, ukiachanisha miguu ya herufi zaidi kidogo kuliko ungefanya kwenye mstari ulionyooka, maana kwenye duara ndiyo inayosongamana.