Mawimbi ya mshtuko: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Ndege hupiga mshindo mara moja tu, pale inapovuka kasi ya sauti.

Hapana. Maadamu inaruka kwa kasi inayozidi sauti, ndege huburuta mshtuko (badiliko la ghafla la shinikizo la hewa) wenye umbo la koni, na walio chini hupitiwa na ukingo wa koni hiyo kwa zamu. Kila mmoja hudhani ndege imevuka kasi ya sauti juu ya kichwa chake. Sini ya pembe kati ya ukingo na njia ya ndege ni 1 gawanya kwa namba ya Mach, yaani kasi ya ndege gawanya kwa kasi ya sauti. Kwa Mach 2, pembe ni nyuzi 30. Mishindo yenyewe mara nyingi ni miwili: wa pua, shinikizo linaporuka juu, na wa mkia, shinikizo lililokuwa limeshuka linaporudi ghafla. Mshindo wa Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi inayozidi sauti, ulipofika ardhini uliongeza shinikizo kwa karibu paskali 93 tu, ilhali angahewa usawa wa bahari ni paskali 101,325. Kinachoshtua ni jinsi shinikizo linavyopanda ghafla, si wingi wake.

Dhana: Kasi ya sauti ni moja kila mahali.

Huamuliwa na jotoridi. Hewa ya 15°C husafirisha sauti kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Kilomita 11 juu, penye -56.5°C, ni mita 295.

Dhana: Wingu jeupe linaloizunguka ndege ni alama kwamba imevuka Mach 1.

Ni mvuke uliogeuka kuwa matone kwa sababu hewa imetanuka na kupoa. Palipo na unyevu mwingi hutokea hata chini ya Mach 1.

Dhana: Mshtuko ni sauti, ila kubwa zaidi.

Hapa ndipo makosa mengine mengi yanapoanzia. Sauti ya kawaida hupita na kuiacha hewa karibu kama ilivyokuwa. Mshtuko mkali ni utando mwembamba kuliko mikromita moja, na hewa ikiuvuka hairudi ilivyokuwa. Kwa mshtuko uliosimama wima mbele ya hewa ya Mach 2, shinikizo huzidishwa mara 4.5, densiti mara 2.67, na jotoridi, kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi kuongeza 273), mara 1.69: hewa ya 15°C hufika karibu 213°C. Nyuma ya mshtuko hewa huenda Mach 0.58 tu, na asilimia 28 ya shinikizo la jumla (lile ambalo hewa ingefikia ikisimamishwa taratibu) imepotea. Kwa Mach 3 hupotea asilimia 67. Ndiyo maana mdomo wa injini ya ndege ziendazo kasi hizo hutengenezwa kwa miteremko inayozaa mishtuko kadhaa dhaifu iliyolala mshazari, kisha mmoja wa wima mwishoni. Mshtuko huo wa mwisho ukisukumwa nje ya mdomo, injini hukosa hewa na ndege huyumba vibaya.

Dhana: Chombo kinachorudi kutoka angani huungua kwa msuguano.

Msuguano upo, lakini joto kubwa hutokana na hewa kubanwa na mshtuko mbele ya chombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 H. Julian Allen, wa maabara ya Ames nchini Marekani, alionyesha jambo lililowashangaza wengi: pua butu ni salama kuliko iliyochongoka. Ubutu husukuma mshtuko mbali na chombo, na sehemu kubwa ya joto huondoka na hewa.

Dhana: Mwanga wa mlipuko ukishapita, hatari imekwisha.

Tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipasuka karibu na Chelyabinsk, Urusi. Watu walikimbilia madirishani kutazama. Mshtuko ukafika zaidi ya dakika mbili baadaye. Waliojeruhiwa walizidi elfu moja, wengi kwa vioo. Ukiona mwako mkubwa, ondoka dirishani na ulale chini. Kila kilomita ya umbali ni takriban sekunde 3 za kungoja. Usiegemee ukuta unaotazama mlipuko pia: mshtuko ukiugonga uso kwa uso, ongezeko la shinikizo huwa angalau mara mbili ya lile la mahali pa wazi, na kwa mishtuko mikali huzidi hapo sana. Kona ambako kuta mbili zinakutana ni mbaya zaidi, kwani mawimbi yaliyoakisiwa hukutana humo.