Kachori ya Forodhani na kachori ya Jodhpur ni vitu viwili tofauti

Kuna mambo kibao watu wanayasema kuhusu vitafunwa vya Kihindi ambayo si kweli, au ni nusu kweli. Naanza na kachori maana hapa ndo watu huwa wananibishia sana. Ukiagiza kachori Zanzibar unaletewa donge la viazi vilivyopondwa na ndimu na pilipili, likachovywa kwenye uji wa unga wa dengu likakaangwa, njano tupu. Sasa kaagize kachori Jodhpur, kule Rajasthan, unaletewa kitu bapa kama andazi lakini ganda lake linavunjika, ndani kuna vitunguu vya viungo. Ile yetu ukiitaka Mumbai inabidi useme batata vada, na hiyo batata ni kiazi, neno waliloachiwa na Wareno. Kwa hiyo tulichukua jina la kitu kimoja tukalibandika kwenye kingine, afu tunabishana mtandaoni ipi kachori ya kweli.

"Sambusa ni ya Wahindi." Jamani hapana. Wahindi nao waliipokea tu, ilishuka kutoka Uajemi na Asia ya Kati, na jina letu liko karibu na la Kiajemi kuliko hata lile lao la samosa. Ibn Battuta, msafiri wa Kimorocco, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Delhi kwa Sultani Muhammad bin Tughluq aliikuta kwenye chakula cha ikulu, na akaandika ilivyokuwa: nyama ya kusaga, lozi, pistachio, vitunguu na viungo, imefungwa kwenye mkate mwembamba ikakaangwa kwa samli. Kiazi hakipo! Kiazi wakati huo kiko Amerika ya Kusini na hakuna mtu wa Delhi anayekijua, na pilipili hizi kali pia bado, waliwashwa na vitu kama pilipili manga mpaka Wareno walipokuja. Kwa maoni yangu sambusa yetu ya nyama yenye manda nyembamba iko karibu na ya huyo Sultani kuliko ile nene ya viazi ya Punjab, lakini msiende kumwambia Mpunjabi.

"Pani puri, golgappa na puchka ni kitu kile kile, majina tu." Hii ni nusu kweli na ndo maana inapotosha. Umbo ni moja, kipuri kidogo kikavu kama puto, unakitoboa juu, unajaza, unachota maji ya viungo unatupia mdomoni chote kwa mpigo (ukiking'ata nusu umeloa shati, hakuna ujanja). Ila Mumbai wanajaza njegere nyeupe kavu zilizochemshwa zikarojeka, za moto, na chatne tamu, Kolkata kwenye puchka wanaweka viazi vya kupondwa na dengu nyeusi na maji yao yanatawaliwa na ukwaju, Delhi golgappa zingine puri yake ni ya semolina na maji ni ya mnanaa. Ukifika Odisha jina linageuka gup chup. Mtu wa Kolkata ukimwambia puchka ni pani puri tu anakasirika kweli, kama vile umwambie Mzanzibari urojo ni supu.

Na ile harufu ya yai kwenye hayo maji ya viungo, ambayo watu wanadhani yameoza, ni chumvi nyeusi. Ina salfa. Basi.

"Vyote vinaelea kwenye mafuta." Dhokla ya Gujarat inapikwa kwa mvuke, mchele na dengu vilivyochachushwa, laini kama sponji. Idli za kusini mvuke pia. Litti ya Bihar ni donge la unga wa ngano lenye unga wa dengu za kukaanga ndani, linachomwa kwenye moto kama tunavyochoma muhogo.

"Wahindi hawali nyama." Nenda Kolkata, kathi roll ni chapati imefunga kababu. Lucknow ni mji uliojijengea jina kwa kababu. Mumbai mwezi wa Ramadhani, Mohammed Ali Road usiku, we acha tu.

Afu kuna hili la kwamba kila kitu ni cha kale, cha mababu. Vada pav, yaani ile "kachori" yetu imebanwa kwenye mkate wa boflo na chatne ya kitunguu saumu, anayetajwa kuianzisha ni Ashok Vaidya, nje ya stesheni ya Dadar, Mumbai, mwaka 1966. Walaji wa mwanzo ni wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotaka kitu cha haraka, cha bei ndogo na cha kula umesimama.

Kwa nini tumechanganya hivi? Kwa sababu Wahindi wengi waliokuja pwani yetu walitoka Gujarat na Kutch, tukaonja kona moja ya nchi tukaita India nzima. Na hata hiyo kona tumeigawana kila mtu kivyake: ukisema bajia Nairobi unaletewa vipande vya kiazi vilivyovikwa unga wa dengu, ukisema bajia Dar au Unguja unaletewa za kunde au dengu zilizosagwa. Zote mbili zipo Gujarat. Ile ya Nairobi wanaita bhajiya, na yenye undugu na hii yetu ni dalvada, ambayo Ahmedabad wanaipangia foleni mvua ikianza kunyesha, wanaila na kitunguu kibichi na pilipili za kukaanga.