Kumpeleka mtoto akaambukizwe tetekuwanga kabla ya likizo: yanayosemwa na ukweli wake

Likizo imebaki wiki nne. Nauli imelipwa, wenyeji wanawasubiri, watoto wanahesabu siku. Ndipo unapata habari kwamba mtoto wa jirani ameota vipele vya tetekuwanga, na mtu anayekupenda anakushauri: mpeleke wako wakacheze pamoja, aupate sasa, aumalize, msafiri bila wasiwasi.

Ushauri huu ni wa siku nyingi na hutolewa kwa nia njema. Mzazi anayeufikiria si mzembe. Anajaribu kupangia tarehe jambo analoamini litakuja tu siku moja. Lakini ukiupima hoja moja moja, haushiki, na hoja ya kwanza ndiyo inayopotosha kuliko zote.

“Akiambukizwa sasa, siku ya safari atakuwa amepona”

Tetekuwanga haitoki kesho yake. Tangu virusi viingie mwilini hadi kipele cha kwanza kionekane hupita siku 10 hadi 21, mara nyingi 14 hadi 16. Kati ya hizo huchagui wewe. Kikishatoka cha kwanza, vingine huendelea kutoka kwa mafungu siku kadhaa, na mtoto huambukiza wenzake hadi vyote vikauke na kufunga vigaga, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7.

Tuhesabu. Wamecheza tarehe 1, safari ni tarehe 28. Vipele vinaweza kuanza tarehe 11, na tarehe 18 mtoto akawa amekauka. Hapo mpango umefaulu. Vinaweza pia kuanza tarehe 22, na siku ya kuondoka ikamkuta bado ana malengelenge mabichi. Watoto wawili waliocheza na mgonjwa yule yule, chumba kimoja, siku moja, wanaweza kupishana kwa zaidi ya wiki.

Kama ana ndugu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa, hesabu huvurugika kabisa. Ndani ya nyumba moja, kati ya watu 10 wasio na kinga, karibu 9 huambukizwa na mgonjwa anayeishi nao. Ndugu huyo haugui sambamba na mwenzake. Siku zake 10 hadi 21 zinaanza upya, kwa hiyo vipele vyake vitatokea kuanzia tarehe 20 hivi hadi katikati ya mwezi unaofuata. Na mara nyingi huyu wa pili huumwa zaidi kuliko wa kwanza, kwa kuwa amekaa naye karibu usiku na mchana.

Upo pia uwezekano ambao washauri hawautaji: alasiri moja ya michezo inaweza isimwambukize. Hapo unabaki kumfunua mgongo kila asubuhi kwa wiki tatu, usijue kama virusi vimo au havimo. Shirika la ndege linaweza kumkatalia abiria mwenye vipele vibichi, na hata mkienda kwa barabara, nani anataka homa ya mtoto imkute njiani? Kumbe yule ambaye hukumpeleka kwa jirani pengine angesafiri akiwa mzima.

“Ni ugonjwa mdogo wa watoto, kila mtu aliupitia”

Kwa watoto wengi ni kweli: homa ya siku chache, mwasho unaokosesha usingizi, malengelenge kati ya 250 na 500, kisha wanapona. Sitaki kumtisha mtu kwa jambo hili. Ninachopinga ni lile neno “mdogo”, maana hakuna anayejua kabla nani atazidiwa.

Kipele kilichokunwa huingia bakteria, na bakteria hao wanaweza kushuka ndani ya ngozi hata kufika kwenye damu. Virusi vyenyewe vinaweza kuleta nimonia, au uvimbe wa ubongo, au hali inayomfanya mtoto aliyekuwa akikimbia ashindwe kutembea bila kuyumba. Nchini Marekani, kabla chanjo haijaanza kutolewa mwaka 1995, waliougua walikaribia milioni 4 kwa mwaka. Zaidi ya 10,000 walilazwa na kati ya 100 na 150 walifariki. Wengi wa watoto waliolazwa hawakuwa na ugonjwa mwingine wowote kabla ya hapo. Walikuwa watoto wazima kama huyo wako.

Chanjo yenyewe ilizaliwa kando ya kitanda cha mtoto. Mwaka 1964 mwana wa daktari Mjapani Michiaki Takahashi, akiwa na miaka 3, alishikwa na tetekuwanga kali. Baba na mama walikesha naye wakihofia maisha yake. Alipona, na Takahashi akaazimia kutafuta chanjo. Mwaka 1974 akawa ameipata. Namkumbuka daktari huyu kila nikisikia mtu akisema tetekuwanga haijamsumbua mtoto yeyote.

“Apate mapema, maana ukubwani ni hatari”

Nusu ya sentensi hii ni sahihi. Mtu mzima huumwa sana, na nimonia humwandama kuliko mtoto. Lakini “mapema” nayo ina mipaka. Mtoto mchanga yuko hatarini zaidi kuliko wa miaka mitano, na anayeugua kabla ya kutimiza mwaka mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mkanda wa jeshi angali mtoto. Kama hofu yako ni ukubwani, chanjo inaiondoa hofu hiyo bila kumpitisha mtoto kwenye ugonjwa.

“Kinga ya kuugua ni bora kuliko ya chanjo”

Aliyeugua kweli hupata kinga ya muda mrefu, ingawa wachache huugua tena. Tuulize basi amelipa nini kuipata. Virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini vipele vikikauka. Hujificha ndani ya mishipa ya fahamu maisha yote, na miaka mingi baadaye vinaweza kuamka kama mkanda wa jeshi, wenye maumivu ambayo kwa baadhi ya watu huendelea miezi mingi baada ya ngozi kupona. Virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo navyo vinaweza kujificha, lakini watoto waliochanjwa hupata mkanda wa jeshi mara chache sana kuliko waliougua.

Dozi mbili huzuia tetekuwanga kwa zaidi ya asilimia 90, na wachache wanaougua hata hivyo huwa na vipele haba. Dozi ya kwanza hutolewa kuanzia miezi 12. Katika nchi nyingine imo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, katika nyingine mzazi huinunua. Kwa vile mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga, wiki nne kabla ya safari ni muda unaotosha kwa dozi ya kwanza. Hizo wiki nne mngezitumia kwa hilo.

“Ni mtoto wetu, uamuzi ni wetu”

Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Mtoto huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya kipele chochote kuonekana, tena kwa njia ya hewa. Siku hizo anacheka, anacheza, anabebwa na kila mtu, na likizo ndiyo huwakutanisha watu wengi ambao hujui hali zao.

Mjamzito asiye na kinga anaweza kupata nimonia kali. Akiambukizwa ndani ya wiki 20 za mwanzo, kuna hatari ndogo, isiyozidi asilimia 2, ya mtoto kuzaliwa na kasoro za macho, viungo au ubongo. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baadaye, kichanga huwa hatarini kufa. Kuna pia anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa figo, anayetumia dawa zinazopunguza kinga. Hao wote hawakuulizwa siku mnapanga michezo kwa jirani.

“Hata pipi iliyolambwa na mgonjwa inatosha”

Haitoshi. Virusi hivi huenea kwa hewa na kwa majimaji ya malengelenge. Pipi inafaa zaidi kusafirisha vijidudu vingine. Mwaka 2011 wazazi fulani Marekani walifikia kuuziana pipi hizo kwa posta, hadi mwendesha mashtaka wa serikali akawaonya kwamba ni kosa la jinai.

“Akiugua, dawa yoyote ya homa inafaa”

Aspirini kamwe: kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kusababisha ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iepukwe, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kucha fupi, maji ya kunywa mara kwa mara, losheni ya kalamini kwa mwasho. Mwone daktari upesi kama homa inapita siku nne, ngozi inakuwa nyekundu na moto kuzunguka kipele, anapumua kwa shida, shingo inakakamaa, anayumba akitembea, au haamki vizuri.

“Ameshacheza na mgonjwa, hakuna la kufanya”

Lipo, na muda ni mfupi. Chanjo ikitolewa ndani ya siku 3, hata 5, tangu alipokutana na mgonjwa, inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Kwa mjamzito, kichanga au mwenye kinga dhaifu, chanjo hii haifai. Ziko kingamwili za sindano zinazoweza kutolewa hadi siku ya 10, kwa hiyo apigiwe daktari siku hiyo hiyo. Andika tarehe waliyocheza, hesabu hadi siku ya 21, na kabla ya kufunga mizigo wapigie simu wenyeji wako: waulize kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mchanga.