Diski ya grainda: soma pete kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya diski za grainda, ile mashine ya mkononi ya kukata na kusugua chuma, hutufikia sisi maafisa kwa njia mbili. Mafundi huja wakisema diski za siku hizi ni mbovu, zinapasuka ovyo. Wateja wao huja wakisema reli za stenles, chuma kisichotakiwa kushika kutu, walizowekewa barazani zimeshika kutu hata deni halijaisha. Msimu huu wa mvua pande zote mbili zimezidi, ndiyo sababu ya makala haya. Niseme mapema kwamba sitataja kampuni wala duka lolote, na kwamba maelezo haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya mtengenezaji wa mashine yako wala ya sheria yenyewe. Pia sitaeleza grainda huwashwaje. Aliyeishika anajua.

Juzi nilipita karakana moja ya mageti upande wa Changamwe. Kijana alikuwa akikata tyubu ya mraba, cheche zikimrukia kifuani. Nikamwomba azime. "Mzee, nimebakiza mbili tu," akanijibu, lakini akazima. Diski iliposimama tukaifungua, nikaigeuza. Karatasi yake ilikuwa imebambuka, maandishi yamekwenda, na ile pete ya chuma inayozunguka tundu la katikati imeota kutu hata tarehe haisomeki. Nikauliza zinawekwa wapi. Akanionyesha chini ya meza, kando ya ndoo ya maji ya kupozea chuma. Zilikuwepo sita, zimelazwa juu ya sakafu mbichi, na ya chini kabisa imepinda kama chapati ya jana.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu wa Mombasa. Diski si jiwe. Ni chembe ngumu za kusagia zilizogandishwa kwa resini, ndani yake mna wavu wa nyuzi za kioo unaoishikilia isitawanyike. Resini hunywa unyevu. Ikinywa, hulegea, na chembe hazishikwi tena kama zilivyoshikwa kiwandani. Isitoshe, maji yakiingia upande mmoja zaidi ya mwingine, diski hupoteza mizani na kuanza kutetemeka. Watengenezaji hupendekeza diski ikae mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 65. Sisi wa pwani asubuhi nyingi tumekwisha kupita hapo kabla ya chai. Kwa hiyo ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, iwekwe juu ya rafu, diski zilazwe bapa moja juu ya nyingine. Usizitundike kwenye msumari. Usiziweke karibu na maji wala na dizeli.

Na tarehe iliyopigwa kwenye pete, mwezi na mwaka, ni mwisho wa matumizi. Kwa diski za resini huwa ni miaka 3 tangu kutengenezwa. Fundi mmoja, mkubwa kwangu kwa umri na kwa ufundi, alinicheka nilipomwambia. "Bwana afisa, hii ni diski, si maziwa." Nilimjibu kwamba maziwa yakiharibika utayanusa. Diski haina harufu. Wako wanaoamini kwamba tarehe ni ujanja wa wafanyabiashara wa kuuza zaidi, na nimechoka kidogo na hoja hiyo, maana wanaoitoa ndio haohao wanaonunua diski moja moja barabarani, isiyo na karatasi, isiyo na pete, kwa sababu imepungua bei kwa kiasi cha chai na mahamri mawili.

Sasa mwendo. Kwenye kila diski halali pameandikwa namba ya mizunguko kwa dakika, kwa herufi RPM, na karibu yake mita 80 kwa sekunde. Hizo mita 80 ni mwendo wa ukingo wa diski, sawa na kilomita 288 kwa saa. Treni ya Madaraka Express ikitoka Miritini mwisho wake ni 120. Ili ukingo usipite hapo, diski ndogo inaruhusiwa kuzunguka haraka na kubwa inatakiwa kuzunguka polepole: ya milimita 115 mwisho wake ni karibu mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 125 ni 12,200, ya 180 ni karibu 8,500, na ile kubwa ya 230, inayoitwa ya inchi 9, ni karibu 6,600. Kwenye kibati cha mashine nako pana namba. Namba ya mashine isizidi ya diski, basi. Hesabu nyingine hakuna.

Lakini watu hufanya hivi: diski ya inchi 9 ikiliwa mpaka ikabaki milimita 180 hivi, fundi huona hasara kuitupa. Huifungua, huondoa gadi ya grainda ndogo, yaani kile kifuniko cha kinga juu ya diski, kwa kuwa haiingii, kisha huifunga kwenye grainda hiyo ndogo. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski hiyo sasa unakwenda karibu mita 104 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 370 kwa saa, na nguvu inayoivuta ipasuke imezidi kipimo chake kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo. Gadi, ambayo ingezuia vipande, iko chini ya meza. Diski ikipasuka hapo, mwenye kosa si kiwanda.

Gadi nayo ina maneno yake. "Inaniziba nisione mstari." Izungushe! Gadi hulegezwa na kugeuzwa ikae kati ya diski na mwili wako, haikufungwa pale kwa ukuta. Na tundu likiwa kubwa kuliko shina la mashine, usijaze kwa kipande cha bati au washa ya gari. Tundu la diski za 115 kwenda juu ni milimita 22.23, la zile za 100 kwa kawaida ni 16. Hazibadilishani.

Kuhusu kukata na kusugua nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Diski nyembamba ya kukata, ya milimita 1 au 1.6, hukata kwa ukingo wake tu. Ubavu wake haukutengenezwa kubeba mzigo. Anayekata tyubu kisha akailaza diski ileile kusawazisha weldi anaikunja kwa nguvu ambayo wavu wake haukuwekewa, na ufa anaoutia leo huenda ukamfungukia kesho, au ukamfungukia kijana wake. Diski ya kusugua ni nene, milimita 6 na ushee, na hushikwa kwa mwinamo wa nyuzi kama 30. Ukitaka uso laini wa kupigwa rangi, chukua diski ya majani ya msasa, namba 40 au 60 kuondoa weldi, 80 au 120 kulainisha, mwinamo uwe mdogo zaidi.

Tena si kweli kwamba diski nene ya kukata ni imara zaidi kwa kila kazi. Kwenye tyubu za geti, ya milimita 1 au 1.2 hupita haraka, huacha ncha chache na haipigi chuma joto mpaka kikawa buluu. Nene, ya 2.5 au 3, iachie nondo na vyuma vizito. Ile ya meno ya kukatia mbao haina nafasi kwenye grainda kabisa. Sitaieleza zaidi.

Herufi zilizopo kwenye karatasi hazikuwekwa kwa urembo. Ukiona A 24 R BF, A ni aina ya chembe, alumini oksidi, ya vyuma. Ingekuwa C ni silikoni kabaidi, ya mawe na zege. 24 ni ukubwa wa chembe. Namba ndogo, chembe kubwa. R ni ugumu wa mshiko, na kadiri herufi inavyosogea kuelekea Z ndivyo diski inavyozidi kuwa ngumu. Hapa mafundi wengi hupotea: hudhani chuma kigumu kinataka diski ngumu. Ni kinyume. Chuma kigumu hufanya chembe ziwe butu upesi, kwa hiyo kinataka mshiko laini unaoziachia zilizochoka ili mpya zitokee. Diski ngumu juu yake itateleza na kupiga moto, na fundi ataikandamiza kwa hasira. BF maana yake ni resini yenye wavu. Usipoiona BF wala wavu kwenye diski ya kukatia, irudishe ulikoinunua. Alumini ina diski zake. Za kawaida huzibwa na alumini inayoyeyuka ikajaa kati ya chembe, na diski iliyozibwa hupata joto.

Narudi kwenye reli za stenles, kwa sababu hapa Mombasa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mwenye nyumba wa Nyali analipa bei ya stenles ili upepo wa bahari usimle. Baada ya wiki chache, reli ina madoa ya kahawia kwenye viungo. Anamwita fundi mwizi, fundi anamwita muuzaji mwizi, na kesi inatufikia sisi. Mara kadhaa nimeomba nione diski iliyotumika, na nimekuta ni ileile iliyokuwa ikikata nondo asubuhi. Diski iliyogusa chuma cha kawaida hubeba unga wake na kuupaka kwenye stenles. Unga huo ndio unaoshika kutu, na chumvi ya hewa yetu huuharakisha, kisha kutu hiyo huanza kula hata stenles chini yake. Diski za stenles huandikwa INOX, nazo hutengenezwa bila chuma, klorini wala salfa ya kuharibu uso. Tumia hizo, na ukishazitumia kwenye stenles zisirudi kwenye nondo. Kuwa na ndoo mbili. Hata msasa wa majani uwe na wake.

Ukifunga diski mpya, elekeza mashine mbali na watu, iache izunguke bila kazi kwa nusu dakika. Ikitetemeka, zima, itupe. Tegemeza chuma ili mkato ufunguke unavyokata; ukitegemeza ncha mbili na kukata katikati, chuma kitashuka, kitaibana diski, na grainda itakurukia. Miwani peke yake haitoshi, weka na kioo cha uso.

Sasa upande wa sheria, ambao watu hutaka nifupishe, lakini sitafupisha. Kwanza ondoeni fikra kwamba "sisi jua kali sheria haituhusu." Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe kwa kudumu au kwa muda. Kibanda chako kimo. Mwenye karakana anatakiwa kuisajili, kwa kifungu cha 44, na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga, kwa kifungu cha 101, bila kuwakata pesa. Akishindwa kutimiza wajibu wake wa jumla kwa wafanyakazi, faini ni hadi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mfanyakazi naye ana wajibu. Aliyepewa kioo cha uso akakitundika ukutani anaweza kutozwa hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 3, au vyote viwili.

Ajali ikitokea, usisubiri kuona kama kidonda kitapona. Mwajiri humwarifu afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake: kwa kifo, ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, mwajiri hujaza fomu ya DOSH/WIBA 1, daktari akajaza sehemu yake. Dai la fidia lina ukomo wa miezi 12. Nimeona kijana aliyepoteza jicho akija mwaka wa pili kwa sababu mwajiri wake alimwambia "tutaelewana." Hawakuelewana.

Kwa diski unayoishuku, tafuta kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kwenye pakiti, utume namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ukiamini ni ghushi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, ukiwa na risiti, pakiti na diski yenyewe. Muuzaji akitiwa hatiani kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa, kwa kila kipande, faini isiyopungua mara tatu ya bei yake ya rejareja, au vyote viwili. Bila risiti kesi huwa nyembamba, kwa hiyo dai risiti hata kwa diski moja. Muuzaji atakununia, mwache anune.

Na diski ikipasuka, msifagie. Kwenye ajali moja nilifika saa nane mchana nikakuta pametiwa maji, pamekauka, na vipande vimekwenda na gari la skrepa. Nikauliza kama hakuna kilichobaki. Mwanafunzi wa pale akachomoa funguo mfukoni. Pete ya diski ndiyo aliyoifanya kishikio cha funguo, na tarehe yake ilisomeka vizuri. Ilikuwa imepitwa na miaka miwili.