Msichana akivunja ungo, mpira huishia wapi?

Darasa la tano, hapa Lamu, wasichana na wavulana hukimbia bega kwa bega. Miaka mitatu ikipita, wavulana bado wako uwanjani kila alasiri, na wasichana wamekaa pembeni au hawaji kabisa. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Wengi wao huja kwangu wakiwa watu wazima, magoti na mgongo vikiwauma, na nikiwauliza walikimbia lini mara ya mwisho, hutaja shule ya msingi.

Wako wanaosema ni dini, na wako wanaosema ni uvivu. Sikubali. Hijabu haimzuii mtu kucheza: FIFA iliiruhusu rasmi mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata 2017. Kinachowaondoa ni mambo ambayo watu wanaona haya kuyataja.

Tuanze na kifua. Titi halina msuli ndani yake. Hushikwa na ngozi na nyuzi nyembamba tu. Msichana akikimbia bila sidiria inayombana sawasawa, anaumia, na vijana wa barazani wanamkodolea macho. Basi anakunja mabega mbele ili ajifiche. Mkao huohuo ndio ninaoukuta miaka kumi baadaye, shingo imekakamaa. Ongeza hedhi, kaptura nyeupe ya timu, na mwalimu wa kiume ambaye msichana hawezi kumwambia hata neno.

Kisha kuna maneno ya mtaani. Msichana akipenda soka ataitwa jikedume, na akikata nywele wataanza kuulizana anapenda wanaume au wanawake. Mvulana anayefurahia kuruka kamba kuliko mpira ataitwa shoga. Wako ambao minong'ono hiyo inawagusa kweli na wako ambao haiwahusu. Wote huacha mazoezi, na moyo na mifupa yao hupata hasara ileile. Hili linaniuma sana. Hata walio kileleni hawasalimiki: Margaret Nyairera Wambui alituletea shaba ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016, kisha kanuni za riadha kuhusu testosteroni, homoni ambayo kwa kawaida huwa nyingi zaidi kwa wanaume, zilizoanza kutumika 2019 zikamtaka apunguze homoni zake kwa dawa au aache mbio zile. Hakuwa ametumia dawa yoyote ya kuongeza nguvu. Ni mwili aliozaliwa nao.

Kwa kina mama hesabu ni hii. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka 2022, wanawake 34 kati ya 100 duniani hawakufikia kiwango hicho, wanaume 29. Kutoka mjini mpaka Shela kwa miguu ni kama dakika 40, kwa hiyo safari 4 kwa wiki zinatosha. Nendeni baada ya alfajiri, wawili watatu, na raba miguuni. Ila angalieni pindo la buibui: likiwa jembamba, hatua inakuwa fupi na nyonga haifunguki. Mwambie fundi aongeze mpasuo na suruali ndani.

Na hili ndilo wengi huniambia mlango ukiwa umefungwa: "Nikiruka, mkojo unanitoka." Mamangu, hujalogwa wala hujazeeka. Uzazi umelegeza misuli ya chini ya nyonga inayoshika kibofu, na misuli hufundishika. Ikaze kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana pumzi wala makalio. Hesabu mpaka 5, legeza kabisa, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku kwa miezi 3, hata ukiwa unakuna nazi. Usijaribie chooni ukiwa unakojoa. Miezi hiyo ikiisha na bado unavuja, njoo tukupime; ukitaka mhudumu wa kike, sema tu mlangoni.